Anayetaka kuwalinda pomboo aanzie mto Athi

Kati ya Julai na Oktoba, kusi ikiwa imeishika bahari na wavuvi wa mitumbwi midogo wakibaki ndani ya mwamba, yapo maboti yanayotoka Watamu kwenda nje kutafuta nyangumi. Ni safari ya kulowa. Chombo kikishavuka mlango wa mwamba mawimbi hukipokea kwa kishindo, chumvi hukauka usoni, na abiria wa bara asiyezoea hutambua mapema kwamba ule uji wa asubuhi ungeweza kungoja. Anayevumilia huona mambo ambayo Wakenya wengi hawakuambiwa shuleni kwamba yapo nchini mwao: pumzi ya nyangumi wa nundu ikipanda na kupeperushwa, mgongo wa mnyama wa mita 13 au zaidi ukijikunja, pomboo wakicheza mbele ya omo, na buabua wakijitupa majini pale ambapo jodari wamewasukuma samaki wadogo juu. Nahodha mzuri hutazama ndege kabla ya kutazama maji. Likizo ya shule ya Agosti huangukia katikati ya msimu huo, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017, ikiwa na kituo Athi River ndani ya kaunti yetu, familia ya Machakos haina tena sababu ya kusema Pwani ni mbali. Ni vizuri iende. Lakini ninalotetea hapa ni jambo jingine. Mkazi wa Machakos ana mkono katika maisha ya pomboo na ndege hao hata kama hatawahi kuiona bahari, na juhudi za kuwalinda zitaendelea kupungukiwa mradi zinaishia ufukweni Malindi na Watamu bila kupanda mto Athi.

Mto huo haufichi njia yake. Unakusanya maji ya Nairobi na Kiambu, unapita Mavoko, unazunguka Kilimambogo na kuporomoka Fourteen Falls, kisha unageukia kusini-mashariki kando ya uwanda wa Yatta hadi Tsavo Mashariki, ambako unaungana na mto Tsavo na kuitwa Galana. Ukikaribia bahari ni Sabaki, na unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. (Sehemu ya kaunti yetu, hasa upande wa Masinga, humwaga maji yake mto Tana, nako kuna habari ya kusimuliwa, ila si leo.) Kilichomo ndani ya maji hayo kimepimwa kwa njia isiyo na siasa. Tumbawe hukua kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, na kila tabaka hunasa alama za kemikali za maji ya wakati wake. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa matumbawe ya hifadhi ya baharini ya Malindi wenye kumbukumbu ya takriban miaka 300. Walipima bariamu, madini ambayo udongo wa mtoni huyabeba hadi baharini. Tangu mwaka 1700 hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20 kiwango kilikuwa cha chini na hakikubadilika sana. Kisha kikapanda, na kupanda kwake kunakwenda pamoja na enzi ya walowezi, misitu kufyekwa, Waafrika kubanwa katika maeneo finyu waliyotengewa, na miteremko kulimwa bila kinga. Historia ya ardhi ya Ukambani na nyanda za juu imetunzwa chini ya bahari ya Malindi, mahali ambapo hakuna afisa wa wilaya aliyeweza kuihariri.

Pepo nazo zina kazi yake katika jambo hili, na hapo ndipo mgeni wa Agosti anapodanganyika. Wakati wa kusi, upepo na mkondo huyasukuma maji ya Sabaki kuelekea kaskazini, upande wa Mambrui na ghuba ya Ungwana. Watamu iko kusini, kwa hiyo abiria wa boti la nyangumi huona maji ya buluu na kurudi nyumbani akiamini kwamba bahari ni salama. Hata tope la masika halimfikii sana, kwa kuwa kufikia Mei kusi imeshaanza kulibeba upande wa pili. Mambo hugeuka kaskazi inapoanza, Novemba hivi. Sasa tope la Sabaki linateremshwa kusini, juu ya mwamba wa Malindi, ambao pamoja na ule wa Watamu ulitengwa mwaka 1968 kuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za baharini barani Afrika. Na Novemba ni wakati gani Ukambani? Ni katikati ya mvua za vuli, zile ambazo mkulima wa Machakos huzitegemea kuliko za masika. Zinakuja baada ya miezi ya ukavu, mabua yameshaliwa na ng'ombe, shamba liko tupu, na mvua za mwanzo zinapokuta ardhi ya namna hiyo hufanya uharibifu mkubwa. Mvua inayolivua shamba ngozi na upepo unaopeleka ngozi hiyo kwenye matumbawe hufika katika majuma yale yale. Ndiyo maana mtalii wa Desemba hulalamikia maji ya kahawia Malindi, na ndiyo maana ufuo wa mji huo umekuwa ukisogea kuelekea baharini kwa miongo mingi, ukijazwa na kile ambacho bara limepoteza.

Tope hilo huwafanya nini wanyama ambao abiria amelipia kuwaona? Tuanze na jibu lisilonifaa. Nyangumi wa nundu huenda lisimdhuru sana. Haji kwetu kula. Anatoka bahari ya Antaktika, ambako hujinenepesha kwa vidudu vya baharini, na katika maji yetu ya joto hupandana, huzaa na kunyonyesha, mama akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Hupita nje ya mwamba, mbali na maji machafu ya mtoni, na hupita wakati wa kusi. Anayenipinga atasema hapo hoja ya Machakos imezama. Lakini nyangumi ndiye shahidi wangu mkuu. Katika karne ya 20 meli za kuvua nyangumi zilikaribia kummaliza katika bahari za kusini. Kumwinda huko kulipigwa marufuku mwaka 1963, ingawa Wasovieti waliendelea kwa siri kwa miaka kadhaa. Bahari ya Hindi ikatangazwa eneo salama la nyangumi mwaka 1979. Na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapitisha usitishaji wa uvuvi wa kibiashara uliotekelezwa kuanzia 1986. Watamu ina nyangumi wa kuonyesha leo kwa sababu ya maamuzi yaliyohusu chusa na meli maelfu ya kilomita kutoka Watamu. Hakuna anayeona ajabu katika hilo. Ajabu inaanza tu pale mtu anaposema kwamba pomboo wa Malindi nao wanategemea maamuzi ya kilomita mia kadhaa juu ya mto, ndani ya nchi moja, chini ya katiba moja.

Na pomboo ni suala jingine kabisa. Yuko pomboo wa nundu wa Bahari ya Hindi, ambaye haendi mbali. Hukaa katika maji yenye kina kifupi karibu na ufuo, kwenye mikoko na milango ya mito, na dunia nzima amewekwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Mtaalamu atanikumbusha kwamba mnyama huyu ameumbwa kuishi katika maji mazito, kwani hutafuta samaki kwa mwangwi wa sauti yake na hahitaji maji maangavu. Ni kweli, na kama mto ungeleta udongo peke yake ningenyamaza. Mto huleta pia maji taka, mabaki ya viwanda na dawa za mashambani. Sumu za aina hii hunaswa na viumbe wadogo, huliwa na samaki, na hujilimbikiza katika mafuta ya yule anayekula samaki maisha yake yote. Pomboo jike humpitishia mwanawe kwa maziwa. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti walikuta sumu za dawa za wadudu kwa viwango vya juu katika miili ya pomboo wa aina hiyo hiyo. Tope nalo lina wahanga wake. Hufunika matumbawe na kuzinyima nyasi za baharini mwanga, na huko ndiko samaki wengi hukulia. Buabua, kinyume cha pomboo, huwinda kwa macho. Kwenye Kisiwa cha Nyangumi, mdomoni mwa hori ya Mida, buabua hutaga kati ya Juni na Oktoba, na kifaranga hulishwa samaki wadogo ambao mzazi aliwaona kutoka angani. Maji ya Agosti yakiwa maangavu, bado idadi ya samaki hao inategemea kilichoupata mwamba miezi minane iliyopita.

Sasa Machakos. Kama kuna mahali nchini ambapo watu hawahitaji kufundishwa maana ya mmomonyoko, ni hapa. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitaja Machakos kama mfano wa nchi iliyokwisha: makorongo, vilima vitupu, njaa. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya Wakamba mifugo kwa bei ya kulazimishwa, na kiwanda cha nyama kikajengwa Athi River kuwapokea ng'ombe hao. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga, wakapiga kambi huko kwa majuma hadi serikali ikalegeza msimamo. Yeye akahamishiwa Lamu. Kuna kejeli kwamba mtu alipelekwa kukaa kando ya bahari kwa ajili ya ugomvi ulioanzia kwenye udongo unaoishia katika bahari hiyo hiyo. Baadaye matuta yalijengwa, kwanza kwa amri na kwa chuki, kisha, hasa baada ya uhuru, kwa hiari ya wenyewe: vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, wakichimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, mtindo wa fanya juu ambao sasa unajulikana mbali na Ukambani. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba watu wa wilaya ya Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha Makueni, waliongezeka kutoka chini ya robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1989, huku mmomonyoko mashambani ukipungua badala ya kuzidi. Waliokuja baada yao walipunguza sifa hizo, wakieleza kwamba maendeleo hayakugawanyika sawa, kwamba mishahara ya Nairobi ndiyo iliyolipia sehemu kubwa ya kazi, na kwamba familia maskini zilibaki nyuma. Nawakubalia. Lakini hata wao hawakusema kwamba matuta hayashiki udongo. Walichoonyesha ni kwamba tuta hujengwa na mwenye uwezo wa kulijenga, na hilo linaipa hoja yangu nguvu. Mkulima aliimarisha shamba kwa sababu kahawa, matunda na mboga vilimlipa. Pale ambapo shamba halilipi, tuta hubomoka, na aliye chini ya mto hana budi kuchangia kama anataka lisimame.

Hapa atainuka msomaji wa Machakos mwenye hasira ya haki. Kwa nini sisi? Uchafu ulio mwingi unatoka Nairobi. Mito ya Nairobi, Ngong na Mathare huingia Athi ikiwa imebeba maji taka ya jiji, na wanaoishi kando ya mto ndani ya kaunti yetu huyapata kabla ya pomboo yeyote kuyaonja. Povu la Fourteen Falls halikutengenezwa Kangundo. Ni sahihi kabisa, na kwa sababu hiyo Machakos ina faida kubwa ya kuungana na Malindi kuliko ya kukaa peke yake. Kaunti moja ikilalamika kuhusu Nairobi husikika kama jirani mgomvi. Kaunti zote zilizo chini ya mto zikidai haki ya mazingira safi iliyo katika kifungu cha 42 cha Katiba, zikiwa na wavuvi, wenye hoteli na wakulima upande mmoja, kesi ina uzito mwingine. Ila hatuwezi kuidai tukiwa tumefumba macho kwa viwanda vya Mavoko, wala kwa malori yanayosomba mchanga wa mito yetu kwenda kujenga Nairobi na kuacha kingo zikiporomoka. Makueni walitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Machakos ilitunga yake pia, lakini sheria hupimwa usiku, malori yanapopita.

Upande wa Pwani kuna pingamizi la aina nyingine, nalo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wanaofuatilia wanyama hawa wanasema hatari ya karibu ni nyavu na maboti. Jarife humnasa pomboo naye akafa kwa kukosa hewa, na hakuna tuta la Kathiani litakalomwokoa. Manahodha wanaoshindana kumfurahisha mteja humfukuza mnyama hadi achoke. Mfano wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, unatosha: watu waliokuwa wakiwaua pomboo kwa ajili ya chambo waligeukia utalii katika miaka ya 1990, jambo jema, lakini watafiti wakaja kukuta kwamba maboti na waogeleaji wakizidi, pomboo hupunguza kupumzika na kula, na husafiri zaidi. Hifadhi za baharini za Kisite na Watamu zinapaswa kujifunza kutoka hapo, na abiria wa bara ana sehemu yake: akiacha kumshinikiza nahodha asogee, nahodha hatasogea. Haya yote yafanywe, na yafanywe kwanza kama lazima kuwe na kwanza. Lakini kanuni za boti hutibu saa mbili za siku ya mnyama. Mto hufika usiku na mchana, na haulipi kiingilio. Tumeona udhaifu huu katika plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku mwaka 2017, na Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa katika hifadhi na fuo zilizolindwa. Mgeni anapekuliwa langoni asiingie na chupa, ilhali mvua ya Novemba inateremsha chupa za soko zima bila kupekuliwa na mtu.

Wapo pia wanaoamini kwamba bwawa la Thwake, lililo mpakani mwa Makueni na Kitui, litamaliza shida kwa kuzuia tope kabla halijafika Tsavo. Bwawa huzuia tope, ndiyo, kwa kulimeza. Masinga kwenye mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limekuwa likipoteza nafasi ya maji kwa udongo unaotuama ndani yake, na Thwake halina hirizi ya kulikinga na hali hiyo. Kuna jambo jingine ambalo wahandisi hulisema kwa sauti ya chini: fuo na mikoko huhitaji mchanga kiasi, na mto uliokamuliwa kabisa huiacha bahari iumege ufuo. Kinachotakiwa ni mto uliorudi karibu na kiwango chake cha kale, na hilo hufanywa shambani, kidogo kidogo, kwa matuta, nyasi za kingo na mabwawa ya mchanga ambayo Ukambani imeyajenga kwa miongo kadhaa. Mabwawa hayo, kwa bahati njema, humpa mkulima maji ya kiangazi, kwa hiyo haombwi kuwafanyia pomboo hisani.

Ni nani alipe? Mfano uko jirani. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi, ambamo wanaotegemea maji ya chini, wakiwemo KenGen, kampuni ya maji ya Nairobi na watengenezaji wa vinywaji, huchangia kazi ya kuhifadhi udongo kwenye mashamba ya juu. Walifanya hesabu wakaona kwamba kumsaidia mkulima ni rahisi kuliko kuchuja tope. Athi haina mfuko wa namna hiyo unaofika baharini. Nakiri kiingilio cha hifadhi za Malindi na Watamu hakiwezi kubeba mzigo huo peke yake, na ingekuwa dhuluma kumwachia nahodha wa Watamu bili ya Nairobi. Wachangie wenye viwanda vya Mavoko, jiji linalomwaga maji taka, hoteli zinazouza nyangumi na pomboo katika matangazo yao, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori litenge sehemu ya mapato ya baharini hata kama ni ndogo, kwa ajili ya kupata kiti mezani. Maana meza yenyewe haipo. Kilifi iko katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Machakos, Makueni na Kitui zina jumuiya yao ya kusini-mashariki. Nairobi na Kiambu ziko kwingine. Mto mmoja umegawiwa vikao ambavyo havikutani. Vyama vya watumiaji wa maji vinavyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016 viko tayari mashinani na ndivyo vinavyoweza kujua ni tuta la nani limebomoka, kama vitapewa kazi na malipo.

Mengi yatategemea tarehe. Mkulima wa Mwala au Kathiani anatakiwa kuzibua mitaro na kurudisha kingo mwezi wa Agosti na Septemba, kabla ya mvua za Oktoba, wakati ardhi ni ngumu na vibarua wanahitaji kulipwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, na kila mwananchi anajua jinsi pesa za kaunti zinavyochelewa. Mradi utakaolipa matuta Januari utakuwa umelipia udongo uliokwisha kupita Malindi. Kwa hiyo mfuko wa Athi, ukiundwa, uwe na akiba ya mwaka mzima tangu siku ya kwanza, na masharti yake yaseme wazi kwamba malipo ya kazi ya matuta hayavuki Septemba.